Hatutaki Tena Posho ya Mpagazi

Mwanamke mmoja wa Mlingotini, mkulima wa mwani, aliniuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo. Maji yalikuwa yamekupwa, naye alikuwa ametoka kufunga kamba zake. Nilikuwa nimemaliza kumsomea fomu ya ridhaa, ile inayoeleza kwamba ushiriki ni wa hiari na kwamba taarifa zitatunzwa kwa siri. Aliitikia kila kipengele, kisha akasema: "Mwalimu, karatasi kama hii nimeshaisaini mara tatu. Wa kwanza alipima maji. Wa pili aliuliza kipato changu. Wa tatu alipiga picha. Majibu yao yako wapi?"

Nilimwahidi kwamba safari hii tutarudi kuleta mrejesho. Hatukurudi. Bajeti ilipobana, kifungu cha mrejesho kilikuwa cha kwanza kukatwa, kwa sababu hakuna mfadhili aliyewahi kukataa ripoti eti kwa kuwa wanawake wa Mlingotini hawakuisikia.

Katika mradi huohuo, vijana wanne waliokusanya takwimu, wote wahitimu wa shahada ya kwanza, walikaa miezi mitatu bila malipo ilhali fedha zilikuwa zimeshaingia katika akaunti ya taasisi iliyousimamia. Sababu ilikuwa masurufu. Yale ya awamu ya kwanza hayakukubaliwa kurejeshwa, kwa kuwa mwenye ngalawa aliyetuvusha hakutupa stakabadhi ya mashine ya EFD. Ngalawa ile aliirithi kwa baba yake na huendeshwa kwa tanga. Mashine ya EFD angeifunga wapi, kwenye mlingoti? Nilikopa SACCOS nikawalipa vijana nusu ya haki yao. Robo mwaka ilipokwisha, mfadhili akaandika barua kuuliza kwa nini fedha zake hazitumiki, na awamu iliyofuata ikapunguzwa.

Sielezi haya kwa nia ya kuisema taasisi ile, wala sitaitaja. Kila mtafiti wa chuo cha umma anayesoma hapa ana ngalawa yake. Nayaeleza kwa sababu tumezoea kuuita usimamizi wa ruzuku za utafiti "mambo ya ofisi", kazi ya wahasibu na makarani, isiyostahili mjadala wa wasomi. Hoja yangu ni kinyume chake. Anayeshika mfuko wa utafiti ndiye anayeamua swali gani liulizwe, nani alipwe, nani arudishiwe majibu, na nani abaki na maabara mradi ukiisha. Kwa miongo mingi sisi hatujaushika. Tumeubeba tu kichwani.

Posho ni neno la njiani

Bagamoyo inastahili kuwa mahali pa kufikiria jambo hili. Katika karne ya 19 ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Meno ya tembo yalishuka hapa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kabla ya kuvushwa Unguja na kwenda kuchongwa ng'ambo. Watu hadi leo wanabishana kuhusu jina la mji: wako wanaosema ni "bwaga moyo" ya mpagazi aliyefika na kutua mzigo, na wako wanaosema ni ya mateka aliyejua kwamba kuanzia hapa harudi tena kwao. Pembe yenyewe haikuwa na ubishi. Ilipita. Thamani yake iliongezeka kila ilipozidi kuondoka, na mji uliobaki nyuma ukabaki na magofu ya mawe na makumbusho ya Karavani Serai.

Neno letu pendwa katika utumishi wa umma, posho, limetoka katika njia ile. Posho ilikuwa mgawo wa chakula wa kila siku aliopewa mpagazi ili aweze kutembea hadi kambi inayofuata. Ilitosha siku ile tu. Haikukusudiwa kumjengea nyumba wala kumnunulia shamba. Leo msomi mwenye shahada ya uzamivu anauliza kabla ya kitu kingine chochote: "Mradi una posho kiasi gani?" Hatuulizi mradi utaacha jokofu gani, utamsomesha nani, au hataza itakuwa ya nani.

Hata hivyo, mpagazi yule alikuwa na jambo moja la kutushinda. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba hawa hawakuwa mifugo ya kubebea mizigo. Walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao, waliojadiliana kuhusu mshahara na posho kabla ya safari, na waliotua mizigo na kugoma pale makubaliano yalipovunjwa. Mpagazi asiyejua kusoma alijua kukataa. Ni lini umesikia chuo kikuu cha Tanzania kimekataa ruzuku kwa sababu masharti yake ni mabaya?

Kilichotoka Bagamoyo

Msomaji atasema ninadharau kazi kubwa iliyofanyika. La hasha. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo ni moja ya fahari za sayansi ya nchi hii, na mizizi ya taasisi hiyo inarudi hadi maabara ndogo iliyofunguliwa na Waswisi mjini Ifakara mwaka 1957. Kati ya mwaka 2009 na 2014, Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Mwaka 2012, vijana wa kiume wa Kitanzania walijitolea kuambukizwa vimelea vya malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi wa madaktari wa Bagamoyo. Lilikuwa jaribio la kwanza la namna hiyo barani Afrika katika zama hizi. Baadaye ikaja chanjo ya R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford, iliyojaribiwa Burkina Faso, Kenya, Mali na hapahapa Bagamoyo, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023. Baadhi ya makala za kisayansi zilizotoka Bagamoyo zina Watanzania kama waandishi wa kwanza. Hayo si mambo madogo, na damu iliyotolewa na watoto wa Pwani imeokoa na itaokoa maisha ya watoto wengine.

Lakini tufuate njia ya pembe. RTS,S ni mali ya kampuni ya GSK. R21 inatengenezwa na Serum Institute mjini Pune, India. Chanjo ya kwanza ilipoanza kutolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Mama wa Bagamoyo, ambaye mwanawe alichomwa sindano wakati bado hakuna aliyekuwa na uhakika wa matokeo, hakuwemo katika foleni ya kwanza ya waliofaidika. Sidai kwamba palikuwa na njama. Palikuwa na utaratibu, vigezo na maombi ya nchi. Ninachodai ni kwamba katika utaratibu wote huo, kuwa mahali pa utafiti hakukutupa haki yoyote mezani. Mkataba wa utafiti hutaja nani anamiliki takwimu, nani anamiliki sampuli na nani atapata dawa kwanza. Ukitaka kujua nafasi ya Tanzania katika sayansi ya dunia, usisome hotuba. Soma vifungu hivyo, kisha uliza ni nani aliyevisoma upande wetu kabla ya kusaini.

Hesabu ya asilimia 8

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiko aibu ilikojificha.

Kila utafiti una gharama za aina mbili. Kuna zile zinazoonekana: vitendanishi, mafuta ya gari, ujira wa wadadisi. Na kuna zile zinazoushikilia utafiti usianguke: umeme, jenereta inayowaka usiku Tanesco ikikata, mlinzi wa maabara, mhasibu, mwanasheria anayesoma mikataba, maktaba, intaneti, kamati ya maadili. Hizi za pili huitwa gharama zisizo za moja kwa moja, na mfadhili hulipia kwa kuongeza asilimia fulani juu ya zile za kwanza.

Kwa miaka mingi, kanuni za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa tiba duniani, ziliweka asilimia hiyo kuwa 8 kwa taasisi za nje ya Marekani. Vyuo vya Marekani vyenyewe vilijadiliana na serikali yao, kila kimoja na kiwango chake. Harvard ilifikia asilimia 69, Yale 67.5, Johns Hopkins 63.7. Chukua utafiti wenye gharama za moja kwa moja za dola 300,000, na kwa ajili ya wepesi tuache vitu ambavyo kanuni hazivihesabu, kama vifaa vikubwa. Ukifanyika Harvard, chuo kinapata dola 207,000 za kuendeshea nyumba yake. Ukifanyika hapa, chuo kinapata dola 24,000.  Jenereta zetu huwaka mara nyingi zaidi. Vitendanishi vyetu husafiri bara mbili kabla ya kufika Ubungo.

Na maelezo rasmi ya ile asilimia 8 yalikuwa nini? Kwamba ni ya kusaidia gharama za kutimiza masharti ya serikali ya Marekani. Soma tena sentensi hiyo. Fedha hizo hazikukusudiwa kukijenga chuo. Zilikusudiwa kukiwezesha kujaza fomu za mfadhili. Hiyo ndiyo posho ya mpagazi kwa lugha ya wahasibu.

Tarehe 7 Februari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba hata vyuo vyake sasa vitalipwa asilimia 15 tu. Vyuo vilipiga mayowe. Vilisema maabara zitafungwa, wanafunzi wa uzamivu watafukuzwa, wagonjwa watakufa. Vilikwenda mahakamani, na mahakama ya shirikisho ikauzuia uamuzi huo. Niliunga mkono hoja zao zote, kwa sababu zote zilikuwa za kweli. Ila nilijiuliza: ikiwa asilimia 15 ni kifo kwa Harvard yenye hazina ya mabilioni ya dola, asilimia 8 ilikuwa nini kwetu? Na katika miaka yote hiyo, mayowe yetu yalikuwa wapi?

Wala si lazima iwe hivyo. Umoja wa Ulaya, katika programu yake ya Horizon Europe, hulipa asilimia 25 kwa kila mshirika anayefadhiliwa, awe wa Paris au wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kiwango hakishuki kutoka mbinguni. Ni makubaliano, na makubaliano hujadiliwa na mwenye hesabu mkononi. Hapo ndipo sisi tunapokwama. Vyuo vya Marekani hupata viwango vyao kwa kuonyesha hesabu zilizokaguliwa: chumba hiki kinatumia umeme kiasi hiki, mhasibu huyu anatumia sehemu hii ya muda wake kwa utafiti. Ingia katika chuo chochote cha umma nchini ukaulize gharama ya kuliwasha kwa mwaka mzima jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Nani atakujibu? Asiyejua bei ya bidhaa yake atalipwa atakachopangiwa.

Dhambi zetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukapiga makofi, tukalaani mabeberu na kwenda kunywa chai. Nisingekuwa mkweli.

Wahadhiri tunaficha ruzuku. Tunajua kwamba fedha zikipita chuoni zitakatwa na utawala, zikatwe na kitivo, zikatwe na idara, na mwishowe hakuna hata balbu itakayobadilishwa maabara. Kwa hiyo tunasajili asasi za kiraia, mwenyekiti shemeji na mweka hazina binamu, kisha tunautumia muda wa chuo, jina la chuo na wanafunzi wa chuo kufanya kazi ambayo chuo hakina habari nayo. Tunaita ushauri elekezi. Tunamlaumu mzungu kwa kutotujengea taasisi, nasi wenyewe tumeiacha taasisi nje.

Na utawala nao? Sehemu ya fedha inayokatwa kwa ajili ya uendeshaji haina maelezo. Mtafiti anayeuliza imekwenda wapi anaonekana mkorofi. Ofisi ya ruzuku, ambayo ingepaswa kuwa na mwanasheria wa mikataba, mhasibu anayejua kanuni za kila mfadhili na mtu wa kusaidia kuandika maandiko, mara nyingi ina mkurugenzi mmoja anayefundisha kozi tatu na katibu muhtasi mmoja. Tunawapeleka vitani bila silaha, halafu tunashangaa mkataba wa kurasa 60 umesainiwa asubuhi moja.

Kisha kuna warsha. Hapa Bagamoyo inaingia tena, kwa sura nyingine. Mji upo kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam: karibu kiasi cha kufikika kwa saa chache, mbali kiasi cha kuhalalisha malipo ya kulala. Ndugu zangu watumishi wa umma mnanielewa. Kila wiki hoteli za ufukweni hujaa warsha za kupitia rasimu ya mwongozo wa kuandaa mpango kazi. Watu 40, siku tano, chai mara mbili. Na hesabu zake hufungwa bila taabu, kwa sababu hoteli ina mashine ya EFD.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Kwa macho ya mfumo wetu, warsha ya watu 40 ni safi, na safari ya ngalawa kwenda kwenye mashamba ya mwani ina walakini. Udhibiti wetu haupimi kama fedha imeleta maarifa. Unapima kama karatasi imekamilika. Matokeo yake ni kwamba fedha hukimbilia panapotoa karatasi nzuri, na panapotoa karatasi nzuri ni hotelini. Hakuna mwizi hata mmoja aliyehitajika ili utafiti ufe. Kila mtu alifuata taratibu.

Najua hoja ya mhasibu na mkaguzi wa ndani. Watasema fedha za umma zimeibwa sana nchini hapa, na masurufu yasiyorejeshwa ndiyo yaliyokuwa mlango wa wizi. Ni kweli, na nisingependa turudi huko. Watasema pia kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na mfumo wa NeST vipo ili zabuni zisigawiwe kwa kujuana. Ni kweli vilevile. Lakini kitendanishi kinachoharibika baada ya wiki sita hakiwezi kusubiri mzunguko uleule wa kununua viti vya ukumbi. Mvuvi, bodaboda na mama anayempikia mdadisi kijijini hawawezi kutakiwa karatasi ileile ya hoteli ya nyota tatu. Udhibiti wa kweli ungeuliza: je, mtu huyu alisafiri? Nani alimwona? Takwimu ziko wapi? Hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, sahihi ya mlipwaji na ushahidi wa muamala wa simu ni uthibitisho wenye nguvu kuliko stakabadhi nyingi nilizowahi kuziona zimebandikwa vizuri katika majalada.

Daraja limekatika

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu ule mpangilio tuliouzoea umevunjika.

Kwa muda mrefu fedha nyingi za utafiti zilitufikia kupitia mikataba midogo. Chuo cha Marekani kilipewa ruzuku kubwa, kikabaki na uongozi, na kikatukatia kipande. Yeye alikuwa mwenye msafara, sisi wapagazi. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Afrika Kusini, mradi wa BRILLIANT wa kutafuta chanjo ya VVU, uliokuwa umepewa dola milioni 45 na shirika hilo, ulisimamishwa karibu na siku ya kuanza majaribio. Kisha tarehe 1 Mei 2025, NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena mikataba midogo mipya kwa taasisi za nje hadi utengenezwe utaratibu mwingine, ambao taasisi ya nje itapewa ruzuku yake moja kwa moja na kuwajibika yenyewe.

Wengi waliiona habari hiyo kuwa msiba tu. Mimi naiona kuwa mtihani. Asiyeweza kupokea fedha kwa jina lake, kuzitunza, kuzikaguza na kuzitolea hesabu kwa wakati, atatoka katika mchezo. Anayeweza, kwa mara ya kwanza atakaa upande wa mbele wa meza. Na tusiseme haiwezekani. Mwaka 2010, Marekani ilipoanzisha mpango wa MEPI wa kuimarisha elimu ya tiba Afrika, fedha zilitolewa moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika, na vyuo vya Marekani vikawa washirika. KCMC ya Moshi ilikuwa miongoni mwa waliopewa. Mbingu hazikuanguka.

Wala tusitazame Magharibi peke yake. Uganda, jirani yetu ambaye si tajiri kutuzidi, tangu mwaka wa fedha 2019/20 iliamua kuipa Makerere Sh 30 bilioni za Uganda kwa mwaka kwa ajili ya utafiti, fedha za walipakodi, zishindaniwe na watafiti wa humo humo. Sisi tuliahidi pamoja na Afrika nzima, tangu Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa 1980, kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi. Tuna COSTECH iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Hivi karibuni serikali imeanza kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa duniani. Ni jambo jema, lakini ni kumpa zawadi mwenye kuvua samaki mkubwa huku bandari ya boti zake ikibomoka. Makala haizaliwi na zawadi. Inazaliwa na maabara yenye umeme na mdadisi aliyelipwa.

Tunachotaka

Nina madai matano, na nayataja waziwazi ili nisije nikaambiwa nalalamika bila kupendekeza.

Kwanza, vyuo vya umma vikubaliane, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu na COSTECH, kiwango cha chini cha gharama za uendeshaji ambacho hakuna makamu mkuu wa chuo atakayesaini chini yake. Kiwango hicho kitokane na hesabu zilizokaguliwa. Chuo kimoja kikikataa peke yake, mfadhili atakwenda jirani. Vyote vikikataa, atakaa chini azungumze. Wanyamwezi waliligundua hilo miaka 150 iliyopita.

Pili, kila ruzuku iwekwe hadharani: imetoka wapi, ni kiasi gani, mtafiti mkuu ni nani, chuo kimekata kiasi gani na makato hayo yamefanyia nini. Wahadhiri watakapoona jokofu limenunuliwa kwa makato, wataacha kuficha miradi. Vinginevyo wataendelea kuficha, na mimi sitakuwa na mdomo wa kuwalaumu.

Tatu, malipo ya wadadisi na watu wa kijijini yasizidi siku 14 tangu kazi kukamilika. Kuwe na utaratibu maalumu wa ununuzi na masurufu ya utafiti, uandikwe na wahasibu na watafiti wakiwa chumba kimoja, na chumba hicho kiwe chuoni, si Bagamoyo.

Nne, kila mkataba upitiwe na mwanasheria wa chuo, na usisainiwe bila kueleza sampuli zinakwenda wapi, takwimu ni za nani, na jamii iliyoshiriki itanufaika vipi utafiti ukizaa matunda.

Tano, kifungu cha mrejesho kifungwe, kisikatwe wala kuhamishwa. Ripoti isiyorudi kwa waliohojiwa isihesabiwe kuwa imekamilika, hata kama imeshachapishwa London.

Kwa wanafunzi wangu ninaongeza neno moja. Mkiajiriwa katika mradi, ombeni mkataba wa maandishi kabla ya kupanda gari. Ombeni kuiona bajeti. Msimamizi akikasirika, mwambieni nimewatuma mimi. Mtajifunza humo mambo ambayo hakuna kozi ya mbinu za utafiti inayoyafundisha: sayansi inaishi katika vifungu vya fedha, na asiyevisoma atafanya kazi ya mwenye kuvisoma.

Mwaka huu nimepanga kwenda Mlingotini kwa nauli yangu. Nitapanda daladala hadi Bunju, nitafute nyingine ya Bagamoyo, nishuke njiani na kumalizia kwa bodaboda, bila stakabadhi. Nimechapa matokeo yetu kwa Kiswahili, kurasa nne, yale yanayomhusu mkulima wa mwani na si yale yanayomhusu mhariri wa jarida. Yamechelewa, na baadhi yake pengine wanawake wale wameshayajua kwa macho yao kabla yangu. Nitayapeleka hivyohivyo. Akiniuliza tena wale watatu walionitangulia wako wapi, nitamwambia ukweli: walikuwa wamebeba mzigo wa mtu mwingine, na posho yao iliishia barabarani.